Dawa imepigwa, fukusi wamewekwa, gugu maji bado lipo

Simu ya kutoka mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, huwa haina salamu ndefu. "Mwalimu, wadudu wako wamelala." Au: "Mwalimu, ile dawa ni maji matupu." Sibishani kwenye simu. Naomba mambo mawili tu: wanitolee mimea kumi ya gugu maji kutoka sehemu mbalimbali na kuiweka kivulini na mizizi yake, na mtu yeyote asiguse bomba la kupigia dawa mpaka nifike.

Hapa Jinja, Uganda, mwalo mmoja unaweza kuwa na Msoga, Mluo, Mkongo na askari wa doria, kwa hiyo lugha ya kuulizana kosa liko wapi ni Kiswahili. Haya ndiyo malalamiko ninayoyasikia mara nyingi pale ambapo fukusi, wadudu wanaokula gugu maji, na dawa za kuua magugu vinatumika kwenye maji yale yale, na namna ninavyoyafuatilia mpaka chanzo.

Kwanza, ziwa si shamba la mtu. Kupiga dawa majini kunataka kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, na cha wizara ya kilimo na uvuvi, na dawa yenyewe iwe imeruhusiwa kutumika majini. Kama hamna kibali, somo hili litawafaa upande wa fukusi na wa kung'oa kwa mikono tu.

Pili, na hili ndilo linaloeleza zaidi ya nusu ya matatizo: fukusi ni mifugo. Gugu maji ndilo malisho yao, zizi lao na chumba chao cha kuzalia. Anayepiga dawa kila mahali kwa siku moja amechoma malisho yote, halafu anauliza ng'ombe wamekwenda wapi.

Soma jani la pili kabla ya kulaumu

Jani changa kabisa, lile ambalo bado linafunguka, liache. Chukua linalofuata. Majani ya zamani yana makovu ya miezi iliyopita, lakini jani la pili linakwambia habari za wiki hii. Fukusi mzima ana urefu wa milimita 4 hadi 5, mchana amejificha katikati ya mmea, usiku anatoka kukwangua ngozi ya jani. Anaacha kovu dogo la pembe nne, karibu sawa na kichwa cha njiti ya kiberiti, ambalo mwanzoni ni la kijani hafifu, kisha linakauka na kuwa la kahawia. Hesabu makovu kwenye mimea yote kumi. Ukipata matano sita kwa jani, fukusi wapo lakini ni wachache mno. Jani likiwa limechakaa kama karatasi ya msasa, mifugo iko kazini.

Kisha chukua wembe upasue kikonyo, lile shina nene la jani lililojaa hewa, kutoka juu kushuka chini. Kikonyo kizima ndani ni cheupe, kama sponji ya godoro jipya. Kikiwa na funza utaona mfereji wa kahawia, umelowa, umejaa uchafu kama unga wa mbao, na mwisho wake funza mweupe asiye na miguu, kichwa chake cha rangi ya chungwa. Fuata mfereji. Unaelekea kwenye kitovu, pale majani yote yanapokutana, na hapo ndipo pa kuamua. Kitovu kigumu na cheupe kitachipua tena hata majani yote yakikauka. Kitovu laini cha kahawia chenye harufu ya kuoza kimekwisha.

Usiitupe mizizi bado. Pitisha vidole polepole kwenye nywele zake. Ukigusa donge dogo la duara, limesukwa kwa nywele za mzizi, hapo kuna fukusi anayejigeuza kutoka funza kuwa mdudu mzima, chini ya maji kabisa. Siku ya kwanza nilipoonyeshwa donge hilo ndipo nilipoelewa kwa nini mmea ukizama kwa dawa haufi peke yake.

"Wiki mbili zimepita na majani bado ni ya kijani"

Uliza kwanza ni dawa gani. Ile ya 2,4-D hupinda vikonyo ndani ya siku chache, mmea unajikunja kama mkono wenye kiharusi. Glaifoseti haina haraka. Majani huanza kugeuka manjano baada ya wiki moja au mbili, na mmea huchukua wiki kadhaa kufa. Watu wengi wanarudia kupiga siku ya kumi, na hilo ni kosa la hela na la ziwa pia.

Kama wiki tatu zimepita, angalia sura ya uharibifu. Ukiona mistari, ukanda wa manjano na ukanda wa kijani, dawa haina tatizo: mpigaji ndiye aliyeruka, au nozeli, mdomo wa bomba, imeziba upande mmoja. Mtumbwi ukiyumba mkono unayumba, na hakuna anayekumbuka alipoishia. Ukiona manjano hafifu kila mahali lakini vitovu ni vyeupe, kipimo kilikuwa kidogo, au mvua ilinyesha ndani ya saa chache, au chupa yenyewe ina walakini. Hilo la mwisho si dhana tu. Utafiti mmoja uliopima chupa za glaifoseti kutoka masoko ya Uganda ulikuta kwamba chupa ya wastani imepungukiwa karibu asilimia 15 ya kiambato kilichoandikwa kwenye lebo.

Na kuna kosa ambalo nimelifanya mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilichota maji ya kuchanganyia dawa palepale ukingoni, ambako ng'ombe walikuwa wametoka kunywa. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Glaifoseti hushikamana na chembe za udongo, na ikishashikamana haiui kitu. Tulipiga asubuhi nzima, watu watano, na ilikuwa kama tumeosha majani. Tangu hapo nabeba madumu ya maji safi ya bomba, na wanaonicheka wanaruhusiwa kucheka.

"Yalikufa yote, baada ya miezi miwili yamerudi"

Hapa swali ni moja: yaliyorudi yanafananaje?

Miche midogo, mingi, imepangana kwenye tope la ukingoni, imetoka kwenye mbegu. Mbegu za gugu maji hukaa kwenye tope miaka 15 na zaidi zikiwa hai, na maji yakishuka halafu mwanga ukafika, zinaota. Huhitaji dawa hapa. Watoto wa shule wakishirikiana na mama zao wataing'oa kwa mikono ikiwa bado na urefu wa kidole.

Mimea mikubwa, mirefu, imeshikana kama mkeka, imeletwa na upepo. Mchana upepo unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka, na mkeka uliolala mbele ya mwalo wa jirani jana unaamka mbele yako leo. Upande wa magharibi wa ziwa, mto Kagera hauachi kumimina magugu mapya kutoka juu. Mwenyekiti mmoja wa mwalo aliniambia kwa uchungu, "Mwalimu, sisi tunadeki na bomba halijafungwa." Dawa zaidi haimsaidii. Anahitaji kamba ya maboya ya kuzuia mkeka, na fukusi wa kutosha huko huko magugu yanakotoka.

Na kama ni mimea ya ukubwa wa kati, yenye majani mawili matatu mapya juu ya majani makavu ya zamani, basi vitovu havikufa. Rudi kwenye sehemu iliyotangulia.

"Fukusi walikuwa wengi, sasa hatuwaoni"

Hili ndilo lalamiko linaloniuma, kwa sababu mara nyingi tumelisababisha wenyewe.

Fikiria kilichotokea. Kwenye mkeka mmoja kuna mayai na funza ndani ya vikonyo, madonge kwenye mizizi, na fukusi wazima juu. Dawa inapopigwa, glaifoseti au 2,4-D haiwaui fukusi wengi moja kwa moja. Kinachowaua ni kukosa nyumba. Mmea unaoza na kuzama, na kila yai, kila funza, kila donge linazama nao. Wazima wana miguu: wanaondoka kwenye mmea unaokufa kutafuta ulio hai karibu. Wasipoupata wanakufa. Baada ya hapo mbegu zinaota, mimea mipya inakua bila hata kovu moja, na kwa kuwa gugu maji likipata hali nzuri huongezeka maradufu kwa wiki moja au mbili, unajikuta na mkeka mzima usio na mchungaji. Kizazi kimoja cha fukusi kinahitaji miezi miwili hadi mitatu kutoka yai hadi mzima. Hesabu ya nani atamshinda mwenzake hapo ni rahisi.

Kwa hiyo nauliza: mliacha wapi? Mara nyingi jibu ni kimya.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Kabla ya bomba kuguswa tunazunguka na kuhesabu makovu, tunatafuta kona yenye fukusi wengi kuliko kwingine. Kona hiyo inawekewa miti yenye kitambaa chekundu na haipigwi dawa kabisa, si leo wala mwakani. Napendelea iwe kwenye ghuba ndogo iliyokingwa na upepo, isipeperuke usiku ikawa ya mwalo mwingine. Walau robo ya mkeka. Kisha tunapiga kuanzia upande wa mbali kuelekea kona ile, kwa vipande, tukisubiri wiki kadhaa kati ya kipande na kipande. Fukusi wazima wanasukumwa na njaa kuingia kwenye malisho yaliyobaki, na idadi yao kwa kila mmea inapanda. Mzee mmoja wa Kisoga alisimama akitazama vile vitambaa akasema, "Sasa mnawachunga." Naam, mzee, tunawachunga.

Ukishawapoteza, usinunue dawa nyingine. Omba fukusi wapya. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Namulonge ndio waliowafuga hapa nchini mwanzoni, na njia bado ni ile ile: matangi ya maji, gugu lenye afya, subira. Kuna aina mbili, na inafaa upate zote. *Neochetina bruchi* ana alama kama herufi V mgongoni na hustawi zaidi kwenye gugu lililoshiba rutuba. *Neochetina eichhorniae* ana mistari miwili myeusi mgongoni na huvumilia hata gugu lenye njaa.

"Makovu yapo tele, lakini magugu hayapungui"

Muda gani? Likija jibu la miezi sita, namwomba mtu akumbuke historia. Gugu maji lilionekana ziwa Kyoga mwaka 1988 na ziwa Viktoria mwaka uliofuata. Fukusi waliwekwa Kyoga mwaka 1993 na Viktoria mwaka 1995. Mikeka mikubwa ya Viktoria ilianza kuporomoka mwaka 1998. Kuna wanaosema sifa zote ni za fukusi, na wengine wanasema ni mawimbi na mawingu ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mimi naona ni vyote: mmea ulioliwa vikonyo hauelei vizuri, na wimbi likija linaumaliza. Lakini hata ukichagua upande, ilikuwa miaka, si miezi.

Kama miaka imepita, pima urefu. Mkeka unaoliwa vizuri unafupika, mimea inakuwa na majani machache, maua yanapungua. Ukikuta mimea inafika kiunoni, yenye rangi ya kijani kibichi na makovu mengi juu yake, maji yana rutuba kupita kiasi. Ghuba ya Murchison, inakomiminia mfereji wa Nakivubo maji machafu ya Kampala, ni mfano ambao kila mtu anaujua. Mmea unatoa jani jipya haraka kuliko fukusi anavyoweza kulikwangua.

Hapa ndipo dawa na mdudu wanaposaidiana kweli. Watafiti wa Afrika Kusini walijaribu kipimo kidogo cha glaifoseti, kisichoua mmea bali kinachoupunguzia kasi ya kukua, ili fukusi waufikie. Nalipenda wazo hilo, lakini silipendekezi kwa mwalo wowote bila mtaalamu kusimama pale na kipimo mkononi, kwa sababu kipimo kidogo mikononi mwa mtu mwenye bomba na hasira hakibaki kidogo. Na chanzo cha rutuba kikibaki vilevile, mtazungushana humo humo.

"Samaki wameelea"

Simamisha kila kitu. Kisha uliza walikufa saa ngapi, na ni akina nani.

Wakiwa wamekufa alfajiri, ngege (tilapia) wakubwa kwanza, na jana yake walikuwa wakihema juu ya maji midomo wazi, ni ukosefu wa oksijeni. Magugu mengi yaliyokufa kwa pamoja yanaoza, na kuoza kunakula oksijeni iliyo majini. Wenye vizimba wanaumia kuliko wote, maana samaki wao hawana pa kukimbilia. Vuta vizimba kwenda maji ya wazi yenye mawimbi, punguza chakula, toa magugu yanayooza kwa reki na mtumbwi uyapeleke nchi kavu mbali na maji. Safari nyingine usipige zaidi ya theluthi moja ya eneo kwa wakati mmoja.

Wakifa wadogo kwa wakubwa saa yoyote, pamoja na vyura na wadudu wa majini, shuku kilichomo kwenye chupa. Baadhi ya dawa za glaifoseti za shambani zina sabuni ya kushikia majani ambayo ni kali kwa samaki na vyura kuliko glaifoseti yenyewe. Vilevile 2,4-D ya aina ya esta ni hatari zaidi kwa samaki kuliko ile ya aina ya amini. Weka chupa, chukua sampuli ya maji kwenye chombo safi, waite maofisa wa uvuvi siku hiyo hiyo. Samaki hao wasiuzwe, na hapa lazima kina mama wachuuzi waambiwe waziwazi, kwa sababu ndio watakaopewa kwa bei ya kutupa.

"Gugu limekwenda, limekuja jingine"

Likiwa jani refu kama la mtama lenye shina gumu, lililoota juu ya mabaki ya gugu maji yenyewe, ni nyasi za viboko. Zinapenda mkeka uliochakaa kama uyoga unavyopenda kuni mbovu. Fukusi hawazili. Zikishikana zinakuwa visiwa vinavyoelea, na kisiwa kikikatika hakichagui kinakokwenda: Aprili 2020 kimoja kilifika kwenye mitambo ya bwawa la Nalubaale na nchi nzima ikakosa umeme. Msingoje magugu yaliyokufa yawe udongo. Yatoeni.

Likiwa dogo, majani mawili mawili yaliyokunjwa, lenye manyoya ambayo tone la maji linaviringika juu yake bila kulilowesha, ni gugu la Kariba. Lilionekana Kyoga mwaka 2013. Nimekuta watu wakilipiga 2,4-D iliyobaki. Ni hasara, maana hili ni jamii ya kangaga (fern) na dawa ile imeundwa kwa majani mapana. Na wale fukusi wa gugu maji hawaligusi hata kwa njaa. Lina wake, *Cyrtobagous salviniae*, mweusi, wa milimita 2 hivi, anayekula machipukizi. Papua New Guinea alisafisha sehemu kubwa ya mto Sepik, ila mwanzoni alikataa kushika mpaka gugu lilipoongezewa mbolea ya urea, kwa kuwa halikuwa na naitrojeni ya kumlisha. Ni kinyume kabisa cha shida ya Murchison, na ndiyo sababu sina jibu moja la kuwapa watu kwenye simu.

"Jirani anadai nyanya zake"

Huyu kwa kawaida ana haki. Majani ya nyanya yakijipinda na kuwa membamba kama kamba siku chache baada ya kupiga 2,4-D, upepo uliichukua, au alimwagilia kwa maji yaliyopigwa. Nyanya, maharage na pamba huathirika hata kwa kiasi kidogo. Mama mmoja alinishika mkono akanipeleka kwenye tuta lake, akanionyesha mche mmoja baada ya mwingine bila kusema neno, mpaka mwisho wa mstari. Upepo siku ile ulikuwa mdogo, nilidhani. Tulilipa.

Sasa kabla ya kupiga nafunga utepe wa plastiki kwenye mti wa mtumbwi, na ukiinuka tu tunarudi nyumbani. Siku moja kabla tunapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wachote maji ya kutosha ya mifugo na bustani. Yule mama ndiye anayeanza kugongewa mlango.